Mikunjo, Mipasuko na Mbale: Miamba Inavyoamua Mahali pa Zinki, Risasi na Fedha

Zinki, risasi na fedha zimo karibu katika kila mwamba, ila kwa kiasi kidogo mno kisichomfaa mchimbaji. Kwa wastani, tani moja ya miamba ya ganda la dunia ina gramu 70 hivi za zinki, gramu 14 hivi za risasi, na fedha isiyofikia hata sehemu moja ya kumi ya gramu. Mbale yenye zinki asilimia 7 ina zinki mara elfu moja ya wastani huo; yenye risasi asilimia 5 imezidi wastani kwa zaidi ya mara elfu tatu. Swali la msingi kuhusu metali hizi, basi, ni nini kilichozikusanya mahali pamoja.

Kazi ya kukusanya hufanywa na maji. Maji ya chumvi yenye joto hupita katika miamba iliyo kilomita kadhaa chini ya ardhi, huyeyusha metali kidogo kidogo na kuzibeba zikiwa zimeungana na kloraidi. Kisha huziacha pale yanapopoa, yanapochanganyika na maji ya aina nyingine au yanapokutana na salfa. Risasi ikiungana na salfa huwa galena, zinki ikiungana nayo huwa sfaleraiti, na fedha nyingi hukaa ndani ya galena au katika madini madogo yaliyoambatana nayo. Lakini naisi (aina ya mwamba geu) isiyo na nyufa, au chokaa iliyoshikamana, hupitisha maji kwa shida sana. Ili maji-chumvi yapite kwa wingi na kwa muda mrefu, mwamba sharti uwe umepasuka, umekunjwa au umevutwa. Ndiyo maana migodi ya zinki na risasi duniani hufuata mikunjo na mipasuko, na ndiyo maana historia ya miamba kati ya Usambara na Bahari ya Hindi ina mengi ya kueleza kuhusu mahali pa kuzitafuta metali hizi.

Namna mwamba unavyobadilika umbo

Nguvu zinazobadilisha umbo la miamba ni tatu: mgandamizo unaozisukuma pande mbili zikaribiane, mvutano unaozitenganisha, na msuguano wa pande mbili zinazopitana. Matokeo hutegemea kina, joto na aina ya mwamba. Karibu na uso wa ardhi, mwamba ulio baridi ukizidiwa nguvu hupasuka. Kuanzia kina cha kilomita 10 hadi 15, joto likipita nyuzi 300 za Selsiasi, kwatzi hulegea, na mwamba wenye kwatzi nyingi hukunjika au kunyooka polepole bila kuvunjika. Marumaru hulegea mapema zaidi, na mwamba tope hupinda hata karibu na uso. Dolomaiti na mwamba mchanga ulioshikamanishwa na silika hustahimili kwa muda mrefu, kisha huvunjika vipande vipande.

Tofauti hiyo ya ugumu ina uzito mkubwa. Matabaka ya aina mbili yakibanwa pamoja, lile laini hujipinda na lile gumu huvunjika, hivyo nafasi za kupokea maji hufunguka katika lile gumu. Ndiyo sababu mbale za zinki na risasi hupatikana mara nyingi katika dolomaiti au chokaa iliyofunikwa na mwamba tope. Mwamba mgumu una nyufa zinazopokea maji, na ule laini ulio juu yake unayazuia yasipande na kupotea.

Jambo la pili ni wakati. Miamba inaweza kupasuka au kukunjwa kabla metali hazijafika, wakati zinapofika, au baada ya kufika. Kupasuka kukitangulia, huandaa njia ambazo maji yatazipita hata baada ya makumi ya mamilioni ya miaka. Kukitokea wakati uleule, mbale hujaa kadiri ufa unavyopanuka. Kukija baadaye, hakuleti metali mpya. Huzihamisha zilizokuwapo, huzirundika hapa na kuzipunguza pale. Mgodi mmoja unaweza kuwa umepitia hatua zote tatu, na utafutaji mwingi hupotea njia kwa kuchanganya hatua moja na nyingine.

Njia na nafasi

Maji-chumvi yanayobeba gramu 100 za zinki katika kila tani ni tajiri. Hata hivyo, ili yaache tani milioni 1 za zinki mahali pamoja, zinahitajika tani bilioni 10 za maji hayo, yaani karibu kilomita 10 za ujazo, nayo sharti yaache kila chembe ya zinki palepale. Maji mengi kiasi hicho hayawezi kuchujika kupitia mwamba usio na nyufa. Yanahitaji njia kuu, na njia kuu chini ya ardhi ni mpasuko mrefu unaoshuka hadi kwenye chanzo cha maji moto.

Mpasuko wenyewe haujai mbale kutoka mwanzo hadi mwisho. Sehemu kubwa ya urefu wake huwa imesagika na kuwa unga wa mfinyanzi unaoziba maji. Mbale hukaa penye hitilafu: pale mpasuko unapopinda, pale mmoja unapoishia na mwingine kuanza kando yake, pale miwili inapokatana, na pale unapotoka katika mwamba laini na kuingia katika mwamba mgumu. Penye kona, pande mbili zikiteleza, sehemu moja hubanwa na nyingine hufunguka. Sehemu iliyofunguka hujaa vipande vya mwamba uliovunjika. Galena, sfaleraiti na baraiti (salfati ya bari) hujipenyeza katikati na kuviunganisha vipande hivyo.

Makutano ya mipasuko miwili ni mstari unaoshuka ardhini, kwa hiyo mbale iliyoufuata huwa na umbo la nguzo iliyoinama. Upana wake unaweza kuwa mita chache tu, ilhali kina chake kikafika mamia ya mita. Mchimbaji anayeufuata mshipa kwa urefu wake juu ya ardhi huipoteza mbale baada ya mwendo mfupi na kudhani imekwisha, kumbe imeshuka kwa mshazari upande wa pili wa shimo lake.

Maji nayo hayapandi kwa mtiririko mmoja usiokatika. Mwaka 1988 Richard Sibson na wenzake walieleza kwamba mpasuko ulioziba hufanya kazi ya vali. Shinikizo la maji huongezeka chini yake hadi mwamba unapoteleza kwa tetemeko. Maji hupanda kwa kasi, shinikizo huanguka, madini huganda na kuziba ufa, kisha shinikizo huanza kujijenga upya. Maelezo hayo yalitolewa kwa ajili ya mishipa ya dhahabu, lakini yanasaidia pia kufahamu kwa nini mishipa ya risasi na zinki mara nyingi ina mistari ya madini iliyopangana, kila mstari ukiwa umeganda katika kipindi chake.

Mfano unaojulikana sana wa mbale zilizozaliwa na mvutano uko Ireland. Mgodi wa Navan, uliogunduliwa mwaka 1970, umo katika chokaa ya kipindi cha Kaboni, kandokando ya mipasuko iliyofunguka wakati bahari isiyo na kina kirefu ilipokuwa ikididimia. Maji-chumvi yalipanda kwenye mipasuko hiyo na kukutana na salfa iliyotokana na maji ya bahari. Metali zilirundikana karibu na njia ya kupandia. Kadiri mtu anavyokwenda mbali na mpasuko, ndivyo mbale inavyopungua. Mpangilio wa aina hiyo, wa bonde linalodidimia, mipasuko inayolizunguka na chokaa ya bahari juu yake, upo pia katika pwani ya Afrika Mashariki.

Pwani iliyovutwa

Miamba ya Tanga imepangana kwa umri kutoka magharibi kwenda mashariki. Korogwe na Muheza zimekaa juu ya naisi, na milima ya Usambara ni granulaiti, miamba geu iliyopikwa ndani sana ya ganda la dunia takriban miaka milioni 640 iliyopita, wakati vipande vya mabara vilipogongana na kuunda bara kuu la Gondwana. Miamba hiyo ni sehemu ya Mkanda wa Msumbiji, jina lililoenea kutokana na kazi ya Arthur Holmes iliyochapishwa mwaka 1951. Mikunjo yake ni ya mgandamizo mkubwa uliofanyika kwenye joto kali.

Takriban miaka milioni 300 iliyopita hali iligeuka, Gondwana ikaanza kuvutwa. Mabonde marefu yalididimia na kujazwa changarawe, mchanga na tope za kipindi cha Karoo. Upande wa Kenya matabaka hayo huitwa ya Duruma, na kuanzia chini kwenda juu yanajulikana kwa majina ya Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani na Mazeras. Upande wa Tanzania yanaendelea kuvuka mpaka hadi kaskazini-magharibi ya mji wa Tanga. Juu yake ilikuja bahari ya kipindi cha Jurasiki, ikaacha chokaa ya Kambe kule Kenya na chokaa ya Amboni huku Tanga, ambayo leo hulisha viwanda vya saruji. Katika kipindi hicho hicho Madagaska ilianza kujitenga na pwani hii na kusogea kusini.

Baadaye, katika kipindi cha Kretasia, mwamba wa moto wenye alkali ulipanda na kuunda vilima vya Jombo na Mrima huko Kwale, karibu na mpaka. Katika makumi ya mwisho ya mamilioni ya miaka mvutano ulirudi tena. Usambara ilisimama kama bonge lililonyanyuliwa kati ya mipasuko, bonde la Lwengera likididimia kati ya Usambara Mashariki na Magharibi, na Pemba ikatengwa na bara kwa mkondo wa bahari wenye kina cha mamia ya mita. Mipasuko mingi iliyofanya kazi safari hii ilikuwa ile ya Karoo iliyoamshwa upya, kwa kuwa mwamba uliokwisha kupasuka huhitaji nguvu ndogo kuteleza tena palepale.

Historia hiyo ina maana tatu kwa metali. Kwanza, njia zipo: mipasuko mirefu inayoelekea kaskazini-kaskazini mashariki, karibu sambamba na pwani, ambayo imeteleza zaidi ya mara moja. Pili, chanzo kinachowezekana kipo. Miamba mchanga ya Karoo ina feldispa nyingi zilizotokana na kumomonyoka kwa naisi, na feldispa ni mbebaji wa risasi na bari. Tatu, mwisho wa safari upo, yaani mahali ambapo mwamba mchanga umewekwa ubavuni mwa chokaa na mwamba tope wa Jurasiki kwa sababu ya mpasuko uliopita kati yake.

Kinangoni na Vitengeni

Mahali ambapo mambo hayo matatu yamekutana na kuacha mbale ni bara ya Kilifi, nchini Kenya. Kinangoni inajulikana kwa risasi na fedha. Vitengeni, upande wa Ganze, inajulikana kwa risasi, zinki na baraiti. Sehemu hizo zimechimbwa kwa vipindi na kuachwa. P. V. Caswell, mwanajiolojia wa serikali aliyechora ramani za eneo la Mombasa na Kwale, kisha la Kilifi na Mazeras, katika ripoti za miaka ya 1953 na 1956, aliweka msingi wa kuielewa miamba hiyo.

Mbale za ukanda huu zimo katika mishipa na katika mwamba wa vipande ulioko kwenye mipasuko, hasa karibu na mpaka kati ya miamba mchanga ya Duruma na matabaka ya Jurasiki. Mwamba mchanga ulivunjika vizuri kwa kuwa ni mgumu. Mwamba tope wa jirani ulipinda na kuziba. Silika ilipenya kwenye vipande na kuvigandisha, na galena ikajaza nafasi zilizobaki. Hii ni picha ya mbale iliyowekwa na mvutano katika kina kidogo, tofauti kabisa na ile ya granulaiti za Usambara zilizo magharibi yake.

Baraiti inaeleza zaidi. Bari huyeyuka vizuri katika maji ya kina yasiyo na salfati, na huganda mara moja maji hayo yanapokutana na maji yenye salfati, kama ya bahari. Penye baraiti nyingi, kwa hiyo, huwa ni mahali ambapo maji mawili yenye asili tofauti yalikutana. Katika ukanda uliojaa matabaka yanayozuia maji, makutano hayo hayawezi kutokea kila mahali. Hutokea pale mpasuko ulipoyaunganisha matabaka ya chini na ya juu.

Chanzo cha joto na cha maji kinaweza kuelezwa kwa njia mbili. Ya kwanza inaihusisha mbale na mwamba wa moto wa Jombo na jamaa zake: magma ilipasha maji, labda ikaongeza metali. Ya pili haihitaji magma. Matabaka yenye unene wa kilomita kadhaa yakizikwa hupata joto la nyuzi 100 hadi 150 kwa sababu ya kina pekee, nayo hukamuliwa maji-chumvi yakibanwa. Mbale nyingi za zinki na risasi katika chokaa duniani, zikiwamo zile za bonde la Mississippi nchini Marekani, ziliwekwa na maji ya namna hii. Kwa mtafutaji, tofauti ya maelezo hayo mawili si ndogo. Ya kwanza inampeleka kwenye vilima vya mwamba wa moto. Ya pili inamruhusu kutafuta kando ya mpasuko wote wa mpaka wa Jurasiki, na sehemu ya mpasuko huo imo Tanga.

Mapango ya Amboni yanaonyesha jinsi maji yanavyotii nyufa katika chokaa hiyo. Vyumba na vichochoro vyake vilichongwa na maji yaliyofuata mistari ya nyufa iliyokuwa tayari mwambani. Karibu na hapo, chemchemi za Galanos hutoa maji ya uvuguvugu yenye salfa yanayopanda kutoka chini. Chemchemi hizo si ushahidi wa risasi wala zinki. Zinathibitisha mambo mawili tu kati ya yale yanayohitajika: kwamba njia ya kupandia iko wazi hata leo, na kwamba salfa inapatikana. La tatu, yaani metali, huthibitishwa kwa sampuli pekee.

Mbale za mgandamizo: Kipushi na Kabwe

Mgandamizo nao hufungua nafasi, ingawa kwa namna nyingine. Matabaka yakikunjwa, yale magumu huachana kidogo kwenye kilele cha mkunjo na kupasuka upande wa nje wa pindo. Mkunjo ukizidi kubanwa, hukatika kwa mpasuko.

Kipushi, kilomita 30 hivi kusini-magharibi ya Lubumbashi, ni mfano bora katika sehemu ya Kongo inayozungumza Kiswahili. Mgodi huo ulianza kazi mwaka 1924, ukafungwa 1993, ukarejea uzalishaji mwaka 2024. Una zinki, shaba, risasi, fedha na gemani. Mbale yake imo ubavuni mwa mkunjo mkubwa, pale ambapo mpasuko wa Kipushi unakata matabaka ya dolomaiti. Mpasuko ndio uliopandisha maji, na dolomaiti ndiyo iliyoyapokea. Mbale imeshuka kwa kina kirefu kuufuata mpasuko, na sehemu tajiri kuliko zote, ambayo zinki yake hufikia karibu theluthi moja ya mbale, iko zaidi ya kilomita moja chini ya ardhi.

Umri wa mbale hiyo unatoa funzo. Mikunjo ya Katanga, eneo lenye Kipushi, ilikuwa imekwisha kufanyika miaka milioni 500 na zaidi iliyopita, lakini vipimo vya sfaleraiti vya Kipushi vinaonyesha takriban miaka milioni 450. Yaani mkunjo uliandaa jengo, kisha maji yakaja kulikalia muda mrefu baadaye. Mtu anayetafuta mbale zenye umri sawa na mikunjo pekee angeipita Kipushi bila kuiona.

Kabwe, nchini Zambia, iliyogunduliwa mwaka 1902 na kuchimbwa hadi 1994, ni ndugu yake. Humo galena na sfaleraiti vilijaza miili yenye umbo la bomba iliyosimama katika dolomaiti iliyokunjwa. Mipaka ya kila mwili ni ya ghafla: hatua chache kutoka kwenye mbale tajiri, dolomaiti ni tupu. Uchorongaji ulioachana sana ungeweza kupita kati ya bomba mbili bila kugusa hata moja.

Msuguano: Mpanda

Nguvu ya tatu, ya msuguano, inaonekana vizuri Mpanda, magharibi mwa Tanzania. Miamba ya huko ni ya Mkanda wa Ubende, wenye umri wa takriban miaka bilioni 2, uliokatwa na kanda ndefu za msuguano zinazoelekea kaskazini-magharibi. Kanda hizo ziliteleza tena na tena katika nyakati tofauti. Katika mgodi wa Mukwamba, kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba galena iliyoambatana na shaba, fedha na dhahabu katika miaka ya 1950. Tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, lenye urefu wa kilomita 210 hivi, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 hasa kwa ajili ya risasi hiyo; mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki ikiwahudumia wakulima na wasafiri.

Mishipa ya Mpanda hupanuka na kubana kwa zamu, kwa sababu kila kona ya ukanda wa msuguano ilifunguka au kufungwa kulingana na upande ambao mwamba uliteleza. Akijua upande huo, mchimbaji anaweza kukadiria kona ipi itakuwa nene kabla hajachimba. Asipoujua, hubaki kubahatisha.

Mbale inapokunjwa nayo

Kisa kigumu zaidi ni cha mbale iliyokuwapo kabla ya mgandamizo. Broken Hill, Australia, iligunduliwa na Charles Rasp mwaka 1883 na kuzaa kampuni ya BHP mwaka 1885. Ilikuwa na zaidi ya tani milioni 200 za mbale ya risasi, zinki na fedha. Miamba yake iliwekwa takriban miaka milioni 1,690 iliyopita, na takriban miaka milioni 1,600 iliyopita ilikunjwa ikiwa kwenye joto lililopita nyuzi 700, sawa na hali iliyoipata Usambara baadaye sana.

Katika hali hiyo madini hayana tabia moja. Galena ni laini. Hutiririka hata kwenye joto la wastani. Sfaleraiti hufuata kwa shida kidogo, na piriti hubaki ngumu na kuvunjika. Mkunjo unapobanwa, kwa hiyo, galena hukimbia kutoka kwenye mbavu zake na kujikusanya kwenye pindo. Mbale hunenepa kwenye pindo na kukonda ubavuni, na uwiano wa risasi na zinki hubadilika kutoka sehemu moja hadi nyingine ingawa chanzo chake ni kimoja. Fedha huweza kusafiri mbali zaidi. Kuanzia mwanzo wa karne hii baadhi ya watafiti wamependekeza kwamba sehemu ya mbale ya Broken Hill iliyeyuka kabisa, na kwamba maji ya metali yaliyotokana nayo, yenye fedha, arseniki na antimoni, yalijipenyeza kwenye nyufa za kando.

Mkanda wa Msumbiji unajulikana zaidi kwa vito, kinywe na dhahabu, lakini umeonyesha kanuni hiyohiyo kwa madini mengine. Huko Mirerani, ambako tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967, matabaka magumu yaliyovutwa ndani ya miamba laini yalikatika na kuachana kama shanga katika uzi. Tanzanaiti ilikua takriban miaka milioni 585 iliyopita katika mapengo kati ya shanga hizo na kwenye mapindo ya mikunjo, na wachimbaji waliosoma mpangilio huo wamejua wapi pa kufuata. Kule Magambazi, wilayani Handeni, dhahabu imo katika miamba geu iliyokunjwa kwa nguvu. Kama kuna tabaka lolote la zinki na risasi lililozikwa katika naisi za Tanga kabla ya mgandamizo ule, halitakuwa na umbo la tabaka leo. Litakuwa limekonda hadi karibu kutoweka ubavuni na kurundikana kwenye mapindo.

Kuitafuta mbale katika Tanga

Kwa kuwa kanuni za miamba ya magharibi na ya mashariki ya mkoa ni tofauti, utafutaji wake nao hauwezi kuwa wa namna moja. Katika naisi za Usambara, Korogwe na Handeni kinachopaswa kuchorwa kwanza ni mapindo ya mikunjo na mteremko wake. Katika ukanda wa Karoo na Jurasiki, kutoka mashariki ya Muheza hadi mpakani, kinachopaswa kuchorwa ni mipasuko, kona zake na makutano yake.

Hatua ya kwanza ni ramani. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) iliyoko Dodoma ina ramani za jiolojia na takwimu za usumaku zilizopimwa kutoka angani, ambazo hufichua mipasuko iliyofunikwa na udongo. Hatua ya pili ni sampuli za udongo na za mashapo ya mito. Hapa hali ya hewa ya pwani inahitaji uangalifu: mvua huyeyusha zinki na kuiondoa karibu na uso, ilhali risasi hubaki karibu na mahali pake. Sampuli zenye risasi na bari bila zinki hazipaswi kutupwa. Mara nyingi zinki iko chini. Hatua ya tatu ni kupima uzito na umeme wa ardhi, kwa kuwa galena ina uzito mara saba na nusu ya maji na baraiti mara nne na nusu, hivyo akiba kubwa huonekana kwenye vipimo vya uvutano wa dunia.

Uchorongaji huja mwisho, na ndipo jiometria inapoamua gharama. Shimo linalochorongwa sambamba na mshipa linaweza kupita mita 200 ndani ya mbale yenye upana wa mita 2 na kutoa picha ya uongo ya utajiri. Shimo linaloukata mshipa kwa pembe ya mraba huonyesha unene wake halisi. Mahali ambapo mbale imekatwa na mpasuko wa baadaye, kama ile iliyonyanyua Usambara, nusu yake ya pili haijapotea. Imesogezwa, na upande wa kusogea husomwa kwenye mikwaruzo iliyoachwa juu ya uso wa mpasuko.

Gharama ya kuchora mipasuko ni ndogo kuliko ya kuchoronga shimo moja refu, na Kinangoni, Kipushi, Mukwamba na Broken Hill zote zinathibitisha kwamba metali hufuata umbo la mwamba kabla ya kufuata aina yake. Pwani ya Tanga ina njia, ina salfa na ina miamba inayofanana na ile ya Kilifi. Kwa hiyo mpaka kati ya miamba ya Karoo na chokaa ya Jurasiki, na si chokaa yenyewe wala mwamba mchanga wenyewe, ndiyo sehemu ya mkoa inayostahili kuchunguzwa kwanza.